Ruta "dedi" bado inaongea: nyaya tatu za konsoli ya siriali

Ruta yangu ndogo nyeupe, TP-Link TL-MR3020, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchomekwa modemu ya USB ya 3G, ilikuwa imelala juu ya meza ya fundi simu Kariakoo. Jana yake nilikuwa naiwekea OpenWrt, mfumo huria wa ruta unaotumia Linux, kupitia ukurasa wake wa mipangilio. Kazi ilipofika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi, taa moja ya kijani iliwaka na kuganda hapo hapo. Wi-Fi haikuonekana, ukurasa haukufunguka, na kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kilibonyezwa mpaka kidole kikauma. Fundi aliigeuza mara mbili mkononi.

"Kaka, hii dedi. Tafuta nyingine tu."

Kwa vifaa alivyokuwa navyo mezani, alikuwa sahihi. Hakuna kebo ya mtandao wala simu ambayo ingeweza kuzungumza na ruta ile. Lakini neno "dedi" limebeba mambo tofauti, na mtu asipoyatenganisha atatupa kifaa kizima kwa sababu ya faili lililoandikwa nusu.

Ndani ya MR3020 yangu kuna chipu ya kuhifadhia yenye megabaiti 4 tu. Mwanzoni kabisa mwa chipu hiyo imekaa programu fupi inayoitwa U-Boot, kazi yake ni kuamka umeme unapoingia, kukagua kumbukumbu, na kuita mfumo uliobaki. Baada yake kuna kiini cha Linux, kisha mafaili yote mengine pamoja na ule ukurasa wa mipangilio. Unapobadilisha fimwea, yaani programu ya ndani ya ruta, kwa njia ya kawaida unafuta na kuandika upya hivi viwili vya mwisho. U-Boot haiguswi. Kwa hiyo kila nilipochomeka ruta yangu "dedi", U-Boot iliamka vizuri tu, ikatafuta kiini, ikakuta takataka, ikalalamika. Malalamiko hayo yalitoka kwa maandishi kamili, kupitia kidoa kimoja cha shaba kwenye bodi, na upande wa pili hapakuwa na msikilizaji.

Kidoa hicho na wenzake ndiyo konsoli ya siriali: njia ya kusomea na kuandikia bodi maandishi, biti moja baada ya nyingine. Wahandisi wa kiwandani huihitaji wanapotengeneza na kupima bodi, na kwa kuwa kuacha vitundu vinne kwenye bodi hakugharimu kitu, ruta nyingi hufika dukani zikiwa navyo bado. Utamaduni wa kuvitumia nyumbani ulishika kasi na Linksys WRT54G, ruta iliyotoka mwishoni mwa 2002. Watu waligundua kwamba ndani yake kuna Linux, leseni ya programu huria ya GPL ikaibana kampuni kutoa msimbo wake mwaka 2003, na Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza. Tangu hapo kila aina mpya ya ruta inapofikiwa, mtu fulani huwa ameifungua kifuniko na kutafuta vitundu vinne.

Sasa tuingie kwenye waya wenyewe. Waya wa siriali ukiwa umetulia hubaki juu, volti 3.3. Ruta ikitaka kutuma herufi K, kwanza inaushusha waya hadi sifuri kwa muda wa biti moja: hiyo ni hodi. Kisha zinafuata biti nane za herufi kuanzia ile ndogo kabisa, 1 1 0 1 0 0 1 0, halafu waya unarudi juu kwa biti moja ya kufunga. Jumla ni biti kumi kwa herufi moja. Kwa mwendo wa biti 115,200 kwa sekunde, ambao ndio unaotumiwa na MR3020 na ruta nyingi za aina yake, biti moja hudumu takriban mikrosekunde 8.7, yaani sehemu 8.7 kati ya milioni za sekunde, na kwa sekunde moja zinaweza kupita herufi 11,520.

Hakuna waya wa nne wa kuhesabu mapigo. Pande mbili ni kama wapiga ngoma wasioonana: hodi ikisikika, kila mmoja anahesabu mwenyewe mpaka biti ya kumi, kisha anasubiri hodi nyingine na kuanza kuhesabu upya. Kwa kuwa hesabu inaanza upya kila herufi, kupishana kidogo hakuna madhara. Ila kama wewe umeweka mwendo wa 57,600 na ruta inatuma kwa 115,200, utaona mchanganyiko wa alama za ajabu na viulizo. Ukiona hivyo usichomoe kitu. Takataka kwenye skrini ni habari njema, maana mara nyingi inakuambia kwamba umeme ni sahihi, waya ni sahihi, na kilichobaki ni kubadilisha namba. Bodi nyingi za Ralink na MediaTek za zamani hutumia hiyo 57,600, kwa hiyo ndiyo namba ya pili ya kujaribu.

Palipo na hatari ya kweli ni kwenye volti, na hapa neno "siriali" limewaponza wengi. Watu wa mitandao wana ile kebo ya buluu ya Cisco, na kompyuta za zamani zilikuwa na mlango wa pini tisa. Zote hizo ni siriali, lakini ni za RS-232, ambako sifuri ni volti chanya kati ya 3 na 15, na moja ni volti hasi kwa kiasi hicho hicho. Yaani si kwamba volti ni kubwa tu, hata maana yake imepinduliwa. Chipu ya ruta inayotarajia 0 mpaka 3.3 ikipokea hasi 12, unaweza kuiaga. Kinachotakiwa ni adapta ndogo ya USB kwenda TTL, yaani siriali ya volti ndogo kama ya ruta, ambayo kwa maduka ya vifaa vya elektroniki ni kitu cha kawaida, hasa zenye chipu ya CP2102 au CH340.

Na hata adapta sahihi ina mtego. Nyingi zina kiunganishi kidogo cha kuhamisha, kimeandikwa 3V3 upande mmoja na 5V upande wa pili. Usiamini maandishi hayo. Kuna adapta za bei rahisi ambazo kiunganishi hicho hubadilisha pini ya VCC (ya umeme) tu, huku pini ya kutuma data ikibaki kwenye volti 5 kama kawaida. Chomeka adapta kwenye kompyuta ikiwa peke yake, weka mita ya kupimia volti kati ya GND (ile ya sifuri) na TXD (ya kutuma) yake, usome. Ikisema 3.3 au karibu na hapo, endelea. Ikisema 5, iweke kando. Ukiwa bado na mita mkononi, chukua waya mmoja uunganishe TXD na RXD (ya kupokea) za adapta yenyewe, fungua programu ya konsoli, andika chochote. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta na dereva vyote ni vizima, na baadaye ukikutana na ukimya utajua lawama iko upande wa ruta.

Kufungua MR3020 ni kazi ya uvumilivu kuliko nguvu, maana kifuniko kimeshikwa kwa vikucha vya plastiki. Ndani kuna bodi yenye safu ya vitundu vinne vilivyoandikwa P1. Kwenye bodi hii mpangilio ni TX, RX, GND, VCC, TX ikiwa ile yenye pedi ya mraba. Bodi nyingine haziandiki kitu, na hapo mita inarudi kazini. GND unaipata ruta ikiwa imezimwa: weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye bati la nje la mlango wa USB au wa mtandao, nyingine ipitishe kitundu kwa kitundu, kinacholia ndicho. Kisha washa ruta. Kitundu kinachopanda mpaka 3.3 na kusimama kama mlingoti ni VCC. Kinachocheza sekunde za mwanzo, mara 3.3 mara 2 na nukta, halafu kinatulia, ndicho TX, kwa sababu unachokiona pale ni wastani wa maneno yanayopita. Kilichobaki ni RX.

VCC iache. Ruta ina chaja yake, adapta ina USB yake, na ukiziunganisha mbili hizo zitasukumana umeme. Nyaya ni tatu tu: GND kwa GND, TX ya ruta kwa RX ya adapta, RX ya ruta kwa TX ya adapta. Mdomo kwa sikio. Ukiunganisha TX kwa TX hutaunguza kitu mara nyingi, ila midomo miwili itakuwa inaongea yenyewe kwa yenyewe na wewe utakaa unatazama skrini nyeusi.

Kuhusu kulehemu: kama mkono wako unatetemeka, mpe fundi simu. Wanalehemu vitu vidogo kuliko hivi kutwa nzima. Mimi nilimpa yule yule aliyesema dedi, akaweka pini nne kwa muda usiotosha kumaliza chai, akabaki amesimama nyuma yangu aone.

Upande wa kompyuta, kwenye Windows ni PuTTY na namba ya mlango wa COM. Kwenye Linux mimi hutumia picocom:

picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Biti nane, bila biti ya ukaguzi, biti moja ya kufunga, na hiki kinachosahaulika kila siku: zima udhibiti wa mtiririko wa kimaunzi. PuTTY na minicom zinaweza kuwa nao umewashwa, nao unasubiri ishara kwenye nyaya ambazo hukuziunganisha. Matokeo yake unasoma kila kitu ruta inachosema lakini ukiandika hakiendi kitu, na utaanza kumshuku fundi aliyelehemu.

Jambo jingine la kushangaza watu: adapta ikiwa imechomekwa na ruta imezimwa, TX ya adapta inabaki juu kwenye 3.3 na kuvujisha umeme kidogo ndani ya chipu kupitia RX. Kidogo hicho hakitoshi kuiwasha, ila kinaweza kuifanya isizime sawasawa, hata taa ikabaki na mwanga hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Ukiwasha tena inaanza vibaya au haianzi. Kwa hiyo mara ya kwanza mimi huunganisha nyaya mbili tu, GND na ule wa kusikilizia. Zinatosha kusoma. Nikishaona maandishi, ndipo naongeza wa tatu. Na kama maandishi yanakuja vizuri ila huwezi kuandika hata baada ya kuzima udhibiti wa mtiririko, kagua njia ya RX kwenye bodi yenyewe: kuna bodi ambazo kiwandani hawakuweka kizuizi (resista) kidogo kati ya kitundu na chipu, na mpaka uziunganishe, ruta haina masikio.

Tuliwasha. Skrini ikajaa:

DRAM:  32 MB
flash size 4194304, sector count = 64
Using default environment
Autobooting in 1 seconds

Kisha malalamiko kuhusu kiini kisichosomeka. "Kumbe iko hai," fundi akasema, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa na taa.

Ile sekunde moja ndiyo mlango. Ruta nyingi husema bonyeza kitufe chochote. TP-Link za kizazi hiki zinataka uandike herufi tatu, tpl, ndani ya sekunde hiyo. Ukichelewa, chomoa uanze tena. Mbinu ni kuzinakili herufi hizo na kuzibandika mara mstari unapotokea. Ukifanikiwa inatokea alama ya kusubiri amri:

hornet>

Kuanzia hapa unaongea na U-Boot moja kwa moja, na U-Boot haina swali la "una uhakika?". Kwa hiyo kabla ya kuandika amri hata moja ni vizuri kuirudia ile mistari iliyopita. Chipu ina baiti 4,194,304, zimegawanywa katika sekta 64, maana yake kila sekta ni kilobaiti 64. Sekta mbili za mwanzo, namba 0 na 1, ni za U-Boot. Sekta 60 zinazofuata, namba 2 mpaka 61, ni za fimwea. Namba 62 ni ya mipangilio. Namba 63, ya mwisho kabisa, inaitwa ART: humo zimo namba za urekebishaji wa redio ya Wi-Fi, zilizopimwa kiwandani kwa kifaa hicho hicho. ART ya ruta ya jirani, hata kama ni pacha wake, haikufai sawasawa.

Ukishaelewa mgawanyo huo, amri zinazoonekana kama uganga zinakuwa hesabu ya kawaida. U-Boot huiona chipu ikianzia anwani 0x9f000000. Ruka sekta mbili, yaani 0x20000, unafika 0x9f020000, mwanzo wa fimwea. Sekta 60 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita ni 0x3c, kwa hiyo urefu wake ni 0x3c0000, ambao ni baiti 3,932,160. Na faili la OpenWrt la aina ya factory kwa ruta hii lina ukubwa huo huo, baiti 3,932,160 bila kuzidi wala kupungua. Kama lako lina namba nyingine, simama, umepakua faili lisilo lake.

Faili halipitii konsoli, lingechukua dakika kadhaa na U-Boot hii haijaandaliwa hivyo. Linapita kwenye kebo ya mtandao kwa TFTP, itifaki ya kizee isiyouliza nywila. Kompyuta unaipa anwani 192.168.1.10, unawasha seva ya TFTP, unaliita faili jina fupi kama fw.bin, unazima ukuta wa moto kwa muda, kisha:

setenv ipaddr 192.168.1.1
setenv serverip 192.168.1.10
tftpboot 0x80000000 fw.bin

Anwani 0x80000000 ni RAM, kumbukumbu ya muda. Mpaka hapa hujafuta chochote; ukikosea, chomoa ruta na uanze upya. Herufi moja moja zitapita kuonyesha faili linaingia, na mwisho inakuandikia:

Bytes transferred = 3932160 (3c0000 hex)

Mstari huo ndio ruhusa yako. Watu hufuta kwanza halafu ndipo wanahangaika na TFTP isiyofika, kitu ambacho kwenye ruta iliyokufa tayari hakiharibu zaidi, lakini kwenye nzima ni kujitafutia kazi. Namba ikiwa sahihi:

erase 0x9f020000 +0x3c0000
cp.b 0x80000000 0x9f020000 0x3c0000
bootm 0x9f020000

Ya kwanza inafuta sekta 60, ya pili inanakili kutoka RAM, ya tatu inawasha. Tarakimu moja ikikuponyoka, ukaandika 0x9f000000, umeifuta U-Boot yenyewe, na hapo konsoli inanyamaza kweli. Kuifufua baada ya hapo ni kuing'oa chipu au kuibana kwa kibanio cha kuandikia chipu kama CH341A, kazi ya darasa jingine kabisa. Ndiyo maana mimi huziandika amri hizi kwenye faili la maandishi kwanza, nazisoma kwa sauti, halafu ndipo nabandika moja moja.

Kosa la pili linawapata wanaorudisha fimwea ya kiwandani. Baadhi ya mafaili ya TP-Link yana neno boot ndani ya jina lake, na hayo yamebeba U-Boot mbele ya fimwea. Ukiliweka zima kwenye 0x9f020000, kila kitu kinasogea na ruta haiwaki. Linatakiwa likatwe kichwa, baiti 131,584 za mwanzo:

dd if=asili.bin of=fw.bin bs=512 skip=257

Mara yangu ya pili sikuiwasha ruta kwa chaja ya ukutani. MR3020 inakula volti 5 kwa kebo ya USB, kwa hiyo pawabenki iliyojaa inatosha kabisa, na laptopu ina betri yake. Ningeliwaza hilo siku ya kwanza nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Wengi wana haraka ya kufurahi mara Wi-Fi inapoonekana. Kabla ya hapo, ingia ndani, soma /proc/mtd, orodha ya mgawanyo wa chipu, uone sehemu inayoitwa art ina namba gani, uinakili kwenye kompyuta yako. Ni kilobaiti 64, ndogo kuliko picha ya WhatsApp. Na usitarajie makubwa kutoka kwa megabaiti 4 za hifadhi na 32 za RAM. Matoleo mapya ya OpenWrt hayatoshei tena kwenye vifaa vya ukubwa huo, kwa hiyo ruta kama hii haifai kukaa mlangoni mwa intaneti ya nyumbani ikikulinda. Yangu inafanya kazi ya kugawa mafaili ndani ya chumba, bila kuunganishwa nje.

Baada ya bootm mistari ilishuka kwa kasi isiyosomeka, ikasita pale inapotengeneza sehemu ya mafaili kwa mara ya kwanza. Fundi alikuwa ameshavuta kiti. Kisha:

Please press Enter to activate this console.

"Bonyeza," akaniambia. Nilimpisha abonyeze yeye.